Gurupu niliyoikuta kwa kuku

Kuku mwekundu alikuwa ameatamia juu ya tangi. Ndivyo nilivyoikuta. Mwenye mali, mama mmoja wa Nguba, mtaa wetu wa ziwani, aliyekuwa anafunga mizigo ahamie Uvira, alimfukuza kwa pindo la kikwembe, akaokota yai, ndipo akanionyesha mashine. "Njo hii. Bwana yangu aliinunua mpya. Ilitumika mwaka moja tu. Alikufa, na yenyewe ikakufa. Iko miaka ine sasa." Nikasema pole, nikitumaini pole moja inatosha kwa wote wawili.

Kwa wasomaji wa Dar na Mombasa: gurupu ndiyo jenereta yenu. Sisi Bukavu, mashariki mwa Kongo, tulilichukua neno hilo kwa Wabelgiji na hatukulirudisha. Hii ni ya petroli, esansi kama tunavyosema, ya kilowati 2, na moteri yake ni nakala ya ile Honda GX160 ya sentimita za ujazo 163 ambayo viwanda vya China vimeiiga mpaka imekuwa kama mali ya wote. Hiyo ndiyo sababu nilithubutu kuinunua. Vipuri vyake unavipata sokoni Kadutu kama unavyopata vya baiskeli.

Mama alitaka dola 70. Nilimwonyesha mavi ya kuku yaliyokauka kwenye matundu ya kupitisha hewa, nikamwonyesha kamba ya kuwashia iliyooza, tukakutana kwenye 45. Yai akaniongezea kama matabishi. Nilipofika nyumbani, mdogo wangu wa kiume aliizunguka mara mbili, akaangalia yai mkononi mwangu, akasema: "Yaya, umenunua yai kwa dola 45."

Niseme kwanza kwa nini nilihitaji kitu hiki. Nina sekretaria karibu na Nyawera: kompyuta mbili, printa moja ya leza, mashine ya kubana makaratasi, na benchi la wateja. Wateja wenyewe ni wanafunzi. Ikifika Julai, wakati wa kuwasilisha TFC na memwari, zile kazi za kumaliza masomo, wanakuja na flashi mkononi na macho mekundu, na kila mmoja kazi yake ni ya leo saa nane. Na umeme ndio huo. Ajabu ya mji wetu ni kwamba mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa, ukisimama mpakani unauona unavyoanza safari. Bwawa la kwanza ni la zama za Wabelgiji, la pili la mwaka 1989. Umeme unazaliwa mlangoni petu, halafu kwangu unafika kama shemeji wa mbali: siku yake anaijua mwenyewe.

Sisi tunakaa Cimpunda. Motari, dereva wa pikipiki, aliifikisha pale barabara inapochoka, na kutoka hapo kijana mbeba mizigo aliipandisha mgongoni, kilo 40 na kitu, kwenye njia ambayo mimi mwenyewe napanda nikiwa nimeshika ukuta.

Mimi si fundi wa moteri. Lakini printa yangu naifungua mwenyewe, naisafisha mwenyewe, na skurubu hazinitishi. Nikaanza na tangi. Esansi nzuri inakupiga puani halafu inakimbia. Hii haikukimbia. Ilikaa, nzito, na harufu ya vernishi ya fundi seremala. Nilipoimwaga kwenye bidoni ilitoka na rangi ya chai kavu, na chini yake matone ya maji yaliyojikusanya peke yao kama watu waliogombana na wenzao. Jirani alikuwa na mbabula (jiko la makaa) ya maharagwe hatua nne kutoka nilipokuwa. Nilimwomba aisogeze, akaniambia maharagwe ndiyo yanaanza kuiva. Nikasogea mimi.

Kutu ya ndani ya tangi tuliitoa kwa changarawe kiganja kimoja na esansi kidogo. Tulilitikisa kwa zamu, mimi na mdogo wangu, mpaka mikono ikafa ganzi, tukasuuza mara tatu.

Kwenye kisanduku cha filtre ya hewa hakukuwa na filtre. Kulikuwa na nyumba ya panya. Sponji yote alikuwa ameitafuna akaifanya godoro, juu yake akatandika manyoya ya kuku, nyuzi za gunia, na kipande cha kalenda chenye tarehe 14 ambayo bado inasomeka. Mwenyewe alishahama. Bahati njema waya hakuzigusa.

Sasa kabiratere, kabureta kwenu, inayochanganya esansi na hewa. Watu wanaiogopa bure. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Chini yake kuna kikombe. Ukilegeza bulono (bolti) moja kwa kle (spana) ya 10, kinashuka chote. Ndani ya changu kulikuwa na ute wa kijani na chembechembe nyeupe kama chumvi ya mawe, na flotere, kile kiboya kinachofungua na kufunga esansi, ilikuwa imegandia pembeni. Katikati unashuka mrija, na ndani ya mrija kuna jikleri. Ndiyo hiyo niliyotaka mwione: skurubu ya shaba nyeupe, fupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, yenye tundu katikati dogo kuliko kichwa cha pini. Esansi yote ambayo moteri ile inakunywa inapita pale. Niliishika kwa koleo, nikaielekeza kwenye jua. Giza. Nilikuwa nimebeba kilo 40 za chuma kutoka ziwani mpaka Cimpunda, na ugonjwa wenyewe ulikuwa unaenea kwenye tundu ambalo siwezi hata kuliona.

Niliilaza kwenye kikombe cha esansi safi usiku kucha. Asubuhi nilichuna waya wa umeme wa zamani, nikatoa uzi mmoja wa shaba, nikaupitisha taratibu. Usitumie sindano. Sindano ni chuma kigumu, itapanua tundu, na moteri itaanza kukunywa kama mjomba kwenye harusi. Mara ya nne au ya tano uzi ukapenya. Nikainua tena kwenye jua, na pale katikati pakawa na duara la mwanga, safi kabisa. Nilimwita mdogo wangu aje kuliona. Akaja, akaliona, akarudi kwenye simu yake.

(Ndani ya kabiratere kuna jikleri nyingine, ndogo zaidi, ambayo wakati huo sikujua kama ipo. Ilinidai baadaye.)

Mafuta ya moteri yalikuwa meusi na mazito. Niliyamwaga nikatia mapya, lita 0.6, si zaidi. Buji, plagi inayotoa cheche, niliinunua mpya kwa sababu ya zamani porselini yake ilikuwa imepasuka. Nafasi ya cheche inatakiwa iwe milimita 0.7 hadi 0.8, na kama huna kipimo, kadi ya benki ina unene huo huo. Kamba nikafunga mpya. Nikafungua robine ya esansi, nikavuta starta (ndiyo choki yenu), nikavuta kamba.

Nikavuta tena. Nilivuta mpaka jirani wa maharagwe akaacha kunicheka na kuanza kunihurumia. Malengelenge mawili. Nikatoa buji, nikairudisha kwenye kofia yake, nikaigusisha kwenye chuma cha moteri, nikamwambia mdogo wangu avute huku mimi naangalia. Hakuna cheche. Hata ile dhaifu ya njano hakuna.

Fundi kijana wa mtaani akaja, akaangalia kwa dakika mbili, akatoa hukumu: bobini, koili inayozaa cheche, imeungua, dola 18, na kazi yake dola 10. Alisema kwa uhakika mkubwa. Sina kinyongo naye. Mimi pia huwa nawaambia wateja flashi imekufa kabla sijaigeuza upande wa pili.

Nikashuka sokoni Kadutu na hela ya bobini kwenye sidiria. Kwenye meza ya vipuri niliyoelekezwa alikuwepo kijana muuzaji, na nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, mzee mmoja wa mikono myeusi anakula karanga. Kijana alishaifungua boksi. Mzee akauliza, bila kuinuka:

"Gurupu iko wapi, mama?"

"Nyumbani, papa. Cimpunda."

"Umeiweka fasi gani?"

"Chini, kwenye parseli," nikasema, yaani kiwanja cha nyumba yetu.

"Parseli ya Cimpunda." Akatafuna karanga moja. "Na huko Cimpunda kuko fasi ya kulala sawasawa?"

Kijana wa vipuri akafunga boksi. Ni dhahiri hii haikuwa mara yake ya kwanza kupoteza mteja namna hiyo.

Mzee alikuja siku hiyo hiyo, kwa makubaliano ya sukre (soda) mbili na mambo mengine tutayaongea. Alipofika hakugusa moteri. Aliomba chupa ya maji, akaimwaga nusu, akailaza juu ya tangi, na sote tukaangalia maji yakikimbilia upande mmoja wa chupa. Parseli yetu imeinama kiasi kwamba mpira wa watoto ukiuweka chini, unaufuata kwa majirani. Sisi tumeizoea, hatuoni tena. Gurupu iliona.

Nilivyomwelewa ni hivi. Ndani ya tumbo la mafuta kuna kidude kinachoelea. Kazi yake ni moja: mafuta yakishuka, kinaipeleka cheche ya bobini kwenye chuma cha moteri isifike kwenye buji, ili moteri izimike kabla haijajila yenyewe kwa ukavu. Sasa ukiiweka kwenye mteremko, mafuta yote yanaenda upande wa chini, na kama kidude kiko upande wa juu, kinajikuta mahali pakavu. Kinapiga kelele ya njaa wakati chakula kipo mezani. Bobini nzima, buji nzima, na cheche hakuna.

Mzee akatafuta mawe mawili bapa, akayapachika chini ya miguu ya upande wa chini, akailaza chupa tena. Maji yakatulia katikati. Akachungulia mafuta, akaongeza kidogo mpaka yakafika mdomoni. "Vuta, mama. Usivute kwa hasira. Tafuta kwanza fasi inakuwa nguvu, halafu vuta." Cheche ikaruka. Ya bluu, na mlio wake ukasikika, tak.

Dola 18 zangu zikabaki zilipokuwa.

Buji ikarudi mahali pake, na kwa mvuto wa tatu moteri ikaamka. Sitaielezea furaha, mnaijua. Ilidumu sekunde kumi hivi, kwa sababu moteri haikutulia: inapanda juu kwa kelele, inashuka mpaka karibu kufa, inapanda tena, vuu, vuu, vuu, kama mtu wa pumu anayepanda ngazi. "Iko na njaa," mzee akasema. "Ulisafisha jikleri ngapi?" Moja, papa. Akanionyesha ya pili, iliyojificha ubavuni chini ya skurubu ya plastiki, yenye tundu ambalo hata uzi wa shaba uliliona ni dogo. Ilibidi tutafute mwembamba zaidi. Tulipoirudisha, moteri ikaimba sauti moja.

Nina multimetri ninayotumia kwenye kompyuta, na inapima hezi, yaani umeme unapigapiga mara ngapi kwa sekunde. Mzee alikaza springi ya gavana, kile kinachoshika mwendo wa moteri, kwa sikio, macho yamefumba, akasema "hapa". Baadaye, umeme ulipotoka, nilipima: 52 bila mzigo, ambayo ndiyo inayotakiwa, kwa sababu ukiweka mzigo inashuka kwenye 50. Moteri za namna hii zinatakiwa zizunguke mara 3000 kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata 50 zako. Sikumwambia kwamba nilimpima.

Lakini nimejitangulia, kwa sababu umeme wenyewe haukutoka. Moteri inanguruma vizuri, nachomeka taa kwenye prizi (soketi), hakuna kitu. Multimetri inasoma volti 2. Hapo mdogo wangu alitaka kusema neno kuhusu yai, nikamwangalia, akanyamaza.

Mzee hakushtuka. Alisema sumaku imesahau. Kile chuma kinachozunguka ndani ya alternatori kinatakiwa kibaki na sumaku kidogo kila unapozima. Kesho ukiwasha, hiyo kidogo ndiyo inayozaa umeme wa kwanza, na umeme huo unaikuza sumaku, hivyo hivyo mpaka volti 220. Ukiilaza gurupu miaka minne kwa kuku, ile kidogo inaisha. Kila kitu ni kizima, ila hakuna wa kuanza.

Tulimwazima motari wa jirani batri ya pikipiki, ya volti 12. Mzee akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa waya za regilatere, kidhibiti cha volti, kwenye sharboni, vile vijiti viwili vya kaboni vinavyogusa pete zinapozunguka, akaweka alama ya kalamu ipi ni ya kujumlisha na ipi ya kutoa. Kwenye prizi akachomeka ampuli (balbu) ya zamani, ile ya waya ndani, aliyokuja nayo mfukoni imefungwa kwenye soksi. Moteri ikawashwa. Akagusisha batri kwenye sharboni, kujumlisha kwa kujumlisha, akahesabu polepole mpaka tano. Na ule waya ndani ya ampuli ukaanza kuwa mwekundu. Haukuwaka, ulikuwa mwekundu tu, kama kaa unalolipuliza asubuhi. Akaondoa batri, ukafifia. Akazima moteri, akarudisha waya za regilatere kama zilivyokuwa, akaniambia niwashe mimi. Nikavuta. Ampuli ikawaka mpaka tukageuza nyuso. Multimetri: 224.

Hilo la batri msilijaribu kwa kusoma maneno yangu. Mzee alikuwa na mkono mmoja mfukoni muda wote na moteri inazunguka sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake. Tafuteni mzee wenu.

Kesho yake tuliishusha Nyawera, kwenye saruji iliyonyooka, ingawa chupa niliilaza tu kwa mazoea. Imekaa nje nyuma ya ukuta, bomba la moshi linaangalia bondeni, na ralonji (waya wa kuongezea) ndefu inaingia ndani. Kuna wanaoweka gurupu kwenye korido kwa kuogopa wezi. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, unasinzia tu. Mimi afadhali mwizi, na nimeifunga mnyororo. Mdogo wangu alipendekeza tutengeneze waya wenye ncha mbili za kiume tuingize umeme kupitia prizi ya ukutani, taa zote za nyumba ziwake. Mzee alimwuliza kama anamjua fundi wa umeme atakayekuwa amepanda juu ya nguzo wakati huo, umeme wetu ukimrudia kwenye nyaya. Habari ikaishia hapo.

Lingine ni mwinuko. Bukavu iko mita 1500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000. Mdogo wangu anasoma fizikia pale ISP, chuo cha ualimu, akanipigia hesabu kwa heshima mpya: kilowati 2 za kwenye kibandiko, kwetu ni 1.7. Na printa ya leza inapopasha moto rola yake inanyakua kama wati 1000 kwa pigo moja. Kwa hiyo nimejifunza mpangilio: printa kwanza, nisubiri imalize kupasha, ndipo kompyuta moja, halafu ya pili. Siku ya kwanza niliwasha vyote pamoja, gurupu ikatoa mguno ambao mteja alidhani ni gari limegonga ukuta.

Esansi nanunua kwa kadafi (muuza esansi wa barabarani) yule yule kila siku, baada ya mwingine kuniuzia yenye maji. Naimimina kwanza kwenye chupa wazi, naiacha dakika tano, naangalia chini. Jioni sizimi kwa swichi. Nafunga robine, naiacha imalize iliyomo kwenye kabiratere, inakohoa mara mbili inakufa yenyewe, na kikombe kinabaki kikavu.

"Mambo mengine" ya mzee yalikuwa fotokopi kumi za karte ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chetu kwa kila jambo. Alikuja kuzichukua siku umeme umeondoka tangu usiku, benchi limejaa. Hakuingia ndani. Alisimama kule nyuma kwenye ukuta, na gurupu, karanga mkononi. Nililaza karte yake kwenye kioo, nikabonyeza, na kabla sijaona kitu kwenye trei nikamsikia akipiga kelele kutoka nje, kwa kuwa moteri ilikuwa imeshusha sauti:

"Inatoka!"

Ikatoka. Akapiga kelele mara tisa nyingine, na hakukosea hata moja.